Uainishaji wa Rida za Kivaa, Pamoja na Madhara Yake kwa Bibi Harusi

Harusi moja ya Jumamosi hapa Kivaa, Masinga, huacha nyuma sufuria za kuosha, deni la hema na mamia ya picha zilizofungiwa ndani ya kadi. Sufuria na deni vina wataalamu wake. Picha hazina, na wazee wetu wana udhuru: kadi ya SD ilitangazwa mwaka 1999. Makala haya yanaziba pengo hilo kwa kuainisha rida, yaani vile vidude vya kusomea kadi, kwa kufuata sura, tabia na uharibifu.

Jenasi ya kwanza ni Rida Kijiti. Haina waya, haina kifuniko, bei yake ni ya soda chache. Makazi yake ni kioo cha duka la simu, kati ya chaja na betri. Hupenda vumbi, nalo vumbi la huku halijawahi kuinyima chochote. Ikichomekwa hutoka nje ya laptopu kama ulimi, kwa hiyo adui yake mkuu ni kiwiko cha mtu anayepita.

Jenasi ya pili ni Rida Midomo Mingi. Hii ni makumbusho. Ina mdomo wa CompactFlash, kadi ya mwaka 1994. Mdomo wa Memory Stick ya Sony. Na wa xD-Picture, ambayo Olympus na Fujifilm waliizindua 2002 kisha wakaiacha. Mnunuzi hulipia midomo yote ilhali kamera yake inahitaji mmoja. Tena mdomo wa CompactFlash una pini 50 nyembamba. Ukisukuma kadi kombo, pini moja hupinda na mdomo mzima huwa pambo.

Jenasi ya tatu ni Rida ya Simu, inayochomekwa pale pa chaja. Ndiyo kipenzi cha mashangazi, kwa kuwa picha za keki hufika WhatsApp kabla ya keki yenyewe kukatwa. Udhaifu wake ni kwamba simu iliyojaa video za kwaya haina pa kuziweka picha hizo.

Jenasi ya nne, Waya wa Kamera, ina utata. Baadhi yetu tunashikilia kuwa si rida kamwe, maana kamera yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya kusoma, na betri ikiisha katikati, mjadala nao huisha.

Jenasi ya tano ni Kijana wa Saiba. Ni binadamu, lakini kitabia ni rida: humeza kadi, hukaa nayo, na huitoa ikiwa na nyimbo usizozijua.

Sasa tuingie maabara. Chukua kadi ya gigabaiti 32 iliyojaa. Rida inayosoma megabaiti 20 kwa sekunde huimaliza kwa dakika 27 hivi. Inayosoma 90 huimaliza kwa dakika sita. Tofauti hiyo hutokana na kadi, rida na tundu la laptopu kwa pamoja, na aliye mzito kuliko wote ndiye huamua mwendo. USB 2.0, ya mwaka 2000, ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, USB 3.0, ya 2008, ina gigabiti 5. Muuzaji atakuonyesha plastiki ya buluu mdomoni mwa kichomeo kama ushahidi. Buluu ni rangi tu. Chungulia ndani uhesabu: USB 3.0 ya kweli ina vipande vinne vya chuma mbele na vitano nyuma. Ukiona vinne peke yake, umeuziwa rangi.

Kisha kuna kitelezi kilichopo ubavuni mwa kadi ya SD. Wengi huamini kinaifunga kadi. Hakijaunganishwa na kitu chochote ndani yake. Hugusa swichi iliyo kwenye rida, na rida ndiyo hukataa kuandika. Swichi ikilegea, rida itashikilia kuwa kadi imefungwa hata ukikisogeza kitelezi mpaka kesho. Badilisha rida, usiilaumu kadi.

Hatari kubwa kuliko zote haionekani dukani. Kadi za SD za mwanzo ziliishia gigabaiti 2; SDHC, ya 2006, ikafika 32; SDXC, ya 2009, ikavuka hapo. Rida kongwe ikipewa kadi iliyozaliwa baada yake hushindwa kuielewa, na kompyuta hudhani kadi haina kitu. Hapo ndipo Kijana wa Saiba hugeuka na kuuliza kwa adabu, "Mama, inataka ku-format. Nikubali?" Naye mama, kwa heshima ileile, hujibu, "Kubali tu, mwanangu." Maharusi wengine wamebaki na cheti pekee.

Hukumu ya utafiti huu ni hii. Nunua rida yenye midomo miwili tu, wa SD na wa microSD, yenye waya mfupi na vipande tisa kwenye kichomeo, iliyoandikwa SDXC. Ijaribu palepale dukani kwa kadi yako mwenyewe, kabla hujatoa pesa. Ukifika nyumbani, nakili picha, usizihamishe. Zifungue kadhaa, za mwanzo na za mwisho, ndipo uifute kadi ukiwa umeirudisha kwenye kamera. Na ukiulizwa kuhusu ku-format, jibu ni hapana, hata anayeuliza akiwa na adabu kiasi gani.