Nipo kwa Mangi

Jumamosi moja nilijifungia chumbani, Tandika, nikilazimisha lugha mbili za kompyuta zielewane. Fortran ni bibi wa mwaka 1957, na hadi leo hesabu za mvua na upepo bado anazipiga. C ni kijana wa miaka ya 1970. Hesabu zangu za mvua zilikuwa kwa bibi, kazi ya kusoma mafaili nikampa kijana.

C ukimpa kitu anachukua nakala yake. Bibi hataki kitu, anataka aelekezwe kinapokaa, atakwenda mwenyewe. Mimi nikampa 12, idadi ya miezi. Akadhani ni namba ya nyumba, akashika fimbo kwenda anwani ya 12 ya kumbukumbu ya kompyuta, mtaa usiokanyagwa na raia. Mlinzi hakumuuliza jina. Programu ikafa palepale.

Nikabandika alama ya & ili bibi apewe anwani. Majibu yakatoka, na masika yakanyesha Agosti. Kumbe C anapanga jedwali mlalo kwa mlalo, bibi anapanga wima kwa wima. Bonde la Jangwani kufurika Agosti!

(Tangu Fortran ya 2003 upo utaratibu rasmi wa kuwakutanisha hawa wawili. Niliujua, kama ninavyojua kwamba maji ya kunywa yachemshwe.)

Saa tatu usiku njaa ikauma. Nikaagiza chipsi yai. Bodaboda akapiga: "Bosi, nielekeze."

"Pita soko, kata kulia, nyumba ya pili kutoka kwa Mangi."

Wakati namngoja, programu ikaanza kutoa mvua ya milimita hasi ishirini. Nilikuwa nimempa bibi anwani ya jedwali ambalo C, alipomaliza kazi yake, alishalibomoa. Bibi kafika, kakuta kiwanja, kaokota alichokikuta.

Simu ikaita. "Bosi, nipo kwa Mangi."

"Mangi yupi?"

"Si umesema Mangi!"

Mtaa wetu ulikuwa na wauza duka watatu wanaoitwa Mangi, na niliyemkusudia alihama mwezi uliopita. Ndiyo, tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba yetu ina namba, lakini hakuna aijuaye, nikiwemo mimi.

Nikatoka na ndala mbio. Duka la Mangi sasa ni saluni. Dada wa saluni alikuwa anamalizia kipande cha mwisho cha yai.

"Kaka, ni zako?" akaniuliza. "Hazina chumvi."