Namna ya Kulinywesha Lori Lako Maji

Anza na ununuzi. Pita vituo vyote vya mafuta vya Kolwezi, nenda kwa kadhafi, mchuuzi wa mafuta mwenye bidoni zake kando ya barabara, msifu kwa bei, wala usimwombe amimine mazutu (dizeli) kidogo kwenye chupa nyeupe mkayatazame juani. Atadhani humwamini. Msimu wa mvua, kifuniko cha tanki kikipotea, ziba kwa kitambaa. Jioni liache tanki nusu tupu: hewa yenye unyevu itapoa humo usiku na kukuongezea matone ya bure.

Sasa pakia kathodi za shaba ushike njia ya Likasi. Kabla ya Fungurume lori litatoa moshi mweupe na kuishiwa nguvu kwenye mwinuko. Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi, bandika juu yake picha ya mtakatifu. Utingo akisema, “Patron, mu mazutu muko mayi,” mkumbushe nani ana leseni.

Likizima, mtafute jirani aliyekuroga, huku ukiendelea kupiga stata. Hapo ndipo penye faida, ya fundi. Pampu na nozeli hulainishwa na mazutu yenyewe. Maji hayalainishi, yanatia kutu, na yakifika penye joto hugeuka mvuke unaoweza kupasua ncha ya nozeli. Kuna atakayekushauri umwage lutuku ndani ya tanki. Pombe huchanganyika na maji na kuyapitisha hadi kwenye nozeli, kwa hiyo utakuwa umepoteza vyote viwili.

Wapo madereva wasiojua kustarehe namna hii. Wao huzima injini na kuliacha lori litulie, hata usiku kucha kama barabara imeyakoroga mafuta. Lita ya mazutu ina gramu 840 hivi, ya maji kilo nzima. Maji yatashuka yenyewe. Asubuhi wanafungua nati ya chini ya tanki, wanakinga kwenye chupa nyeupe mpaka yatoke mazutu matupu, kisha wanafungua kikoki kilicho chini ya filta ya kutenga maji. Wakikuta utelezi mweusi, hao ni vijidudu waishio mpakani mwa maji na mazutu: tanki lioshwe. Filta zinabadilishwa zote, halafu pampu ya mkono inapigwa hadi mapovu yaishe kwenye skrubu ya kutolea hewa. Kwenye injini za kisasa hawagusi mabomba ya nozeli injini ikiunguruma, kwa kuwa shinikizo linaloweza kufikia bar 1,600 na zaidi hutoboa ngozi. Hapa sifanyi mzaha.

Maji uliyokinga yana mazutu. Yapeleke garaji, kwenye pipa la mafuta machafu. Usiyamwage mtaroni, maana mitaro ya mji inaelekea kwenye vijito ambamo watu wanachota maji.