Mtaalamu wa Maudhui na Bei ya Bati
Muuza mabati wa Kariakoo akishaambiwa kwamba duka lisilo na blogu ni duka lisiloonekana, hana budi kumtafuta mtaalamu wa maudhui, yaani mtu anayelipwa kila mwezi ili aandike kuhusu mabati pasipo kulazimika kuyaona. Kazi huanza kwa kusimika WordPress, programu ambayo tangu ilipotolewa mwaka 2003 hupatikana bure, jambo ambalo ankara, kwa adabu zake, hailitaji. Hufuata makala ya kumweleza msomaji kuwa nyumba ni muhimu kwa binadamu, kisha salamu za Idi, za Krismasi na za Sabasaba, huku mteja anayeulizia bei ya bati la geji 28 akijibiwa aje inboksi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipowatwisha wenye blogu nchini Tanzania ada ya leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, mzigo ulimwangukia mwenye duka, kwa kuwa utaalamu wenyewe haukuhitaji leseni. Nywila, yaani neno la siri la kufungulia blogu hiyo, hubaki kwa mtaalamu hadi ankara ya mwezi uliopita ilipwe.