Mpe Mtoto wa Thika Saudi Arabia

Mchezo wa kuigiza mkutano wa tabianchi ni rahisi kuueleza. Mwalimu wa Jiografia anakigawa kidato cha tatu kuwa mataifa, wajumbe wanavaa tai za kuazima, na kwa vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80, wanatakiwa kuiokoa dunia kabla ya githeri. Toleo linalojulikana sana, World Climate, lilibuniwa na shirika la Climate Interactive pamoja na chuo cha MIT cha Marekani. Kila kundi linatangaza litapunguza gesi joto kwa kiasi gani na litatoa au kudai pesa ngapi, kisha programu ya C-ROADS inapiga hesabu ya joto la mwaka 2100. Matajiri wanaketi kwenye meza yenye kitambaa na vitafunio, maskini wanakaa sakafuni. Ahadi zikipungua, watu wanavutiwa turubai la bluu kichwani, ndiyo bahari imepanda.

Ukiuleta mchezo huo kwenye shule ya kutwa kati ya Ruiru na Thika, mikosi inajileta yenyewe. Biskuti za Umoja wa Ulaya zinaisha kabla mwenyekiti hajafungua kikao. Turubai ni lile la kuanikia mahindi, kwa hiyo bahari inakuja na pumba, na visiwa vinapiga chafya. Stima nayo inapotea pale projekta inapotaka kuonyesha nyuzi joto, na dunia inabaki haijulikani imepona au imeungua. Hayo ni madogo. Balaa ni kugawa nchi. Marekani inagombaniwa kwa ajili ya biskuti na lafudhi. Kenya inagombaniwa kwa kuwa kila mtu anajua la kusema. Saudi Arabia anaachiwa aliyechelewa kuingia darasani, naye anasoma karatasi yake kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Hapo ndipo naona walimu wanapoteza mchezo wote. Saudi Arabia ilipaswa kupewa msemaji hodari kuliko wote darasani, tena kwa lazima.

Mjumbe wa Kenya hana kazi. Anasimama, anasema nchi yake inatoa chini ya asilimia 1 ya gesi joto ya dunia na kwamba umeme wake mwingi unatokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Anakumbusha mafuriko ya 2024 yaliyosogeza ufunguzi wa muhula wa pili hadi tarehe 13 Mei, anadai pesa, anaketi, anapigiwa makofi. Yote ni kweli, na yote aliingia nayo mlangoni. Wa Saudi Arabia lazima aeleze kwa nini nchi inayokula mafuta isifunge visima vyake kwa hiari. Na hapa mtoto wa Thika ana mtaji ambao mwenzake wa mji usio na viwanda hana. Amekua akiyaona mabomba ya moshi ya Eneo la Viwanda, na anajua moshi ule ndio kodi ya nyumba kule Makongeni na ndio karo. Mama akifua mara mbili kwa sababu ya masizi analalamika, lakini hujamsikia akiomba kiwanda kifungwe. Anaomba kimwajiri mwanawe. Mtoto huyo akibanwa aitetee Riyadh, atagundua kwamba hoja anazo tangu utotoni. Kisha ataelewa, bila mhadhara, kwa nini mkutano wa tabianchi wa Durban wa 2011 ulipitiliza muda wake kwa siku moja na nusu, na ule wa Baku wa 2024 ukapitiliza tena zaidi ya siku nzima, ilhali waliohudhuria walikuwa watu wazima waliolala hotelini.

Wapo watakaosema tunafundisha watoto ujanja wa kuwatetea wachafuzi, watoke wamekata tamaa. Ushahidi uliopo hausemi hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la PLOS ONE uliwafuatilia washiriki 2,042 wa mchezo huu katika nchi nane, na asilimia 81 walitoka na hamu kubwa zaidi ya kuchukua hatua, wakiwemo Wamarekani wasiopenda serikali iingilie biashara. Nakubali, hamu si tendo. Kijana wa kidato cha pili hutoka katika kila hotuba na hamu ya kila kitu, mpaka kengele ya chakula. Lakini kukata tamaa hakuonekani hapo.

Wengine watauliza kwa nini twende Riyadh wakati bwawa la Ndakaini liko juu yetu tu, maji yake yanateremka Nairobi, na viongozi wa Murang'a wamedai mgao wa mapato yake kwa miaka. Igizeni hilo! Hoja nzuri, ila jambo la nyumbani kila mtoto ana upande wake tayari, na darasani atatoa maneno ya baba yake pamoja na kikohozi chake. Saudi Arabia haina baba darasani. Na wanaotaka watoto wapande miti badala ya kubwabwaja, wapande. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa likizo kwa kazi hiyo. Ila mche haukubishii.

Inabaki Kenya, maana lazima apatikane wa kuishika. Mwaka 2009, kule Copenhagen, matajiri waliahidi dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020, zikatimia 2022. Kazi hiyo apewe karani wa karo wa shule. Yeye amezoea kudai ahadi kwa watu wenye sababu nzuri, na risiti anazo.