Fadhila za Kiyoyozi Kidhaifu

Wapo waliosifu upepo wa kusi, na wapo waliosifu kivuli cha mwembe; lakini sijapata kusikia mtu aliyemshukuru Mola kwa ajili ya kiyoyozi cha gari kuukuu ambacho, baada ya kubadilishiwa kompresa, kujazwa gesi na kulipiwa ujira wote, kimeendelea kupuliza hewa ya uvuguvugu. Deni hilo la shukrani nataka kulilipa kwa niaba ya wenye magari wa Somanda, mjini Bariadi, ambako tangu Juni hata Oktoba jua na vumbi hushindana kututawala.

Fadhila yake ya kwanza ni elimu. Kiyoyozi kizima humwacha mwenyewe katika ujinga: hubonyeza kitufe, akapoa, akasahau. Kidhaifu humfunza kwamba baridi haiundwi, bali joto ndilo linalochukuliwa ndani ya gari na kutupwa nje, mbele ya rejeta. Kwa hiyo kompresa mpya haifai kitu iwapo kondensa imezibwa na vumbi na nyuzi za pamba, au feni yake imeungwa nyaya kinyume. Humfunza kwamba gesi ikizidi ni taksiri sawa na ikipungua. Kwamba hewa na unyevu visipovutwa kwa pampu kabla ya kujaza, hubaki ndani kufisidi kazi. Na kwamba huenda baridi ipo tele, ila kilango cha hita ndani ya dashibodi hakifungi barabara, na joto la injini linabatilisha yote.

Fauka ya hayo, hufundisha tarikhi. Gari la kabla ya katikati ya miaka ya 1990 aghalabu liliundwa kwa gesi ya R12, ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliihukumu kwa kuidhuru ozoni. Na anayelijaza gesi mbadala ya R134a bila kubadili mafuta ya zamani ya kompresa amefungisha ndoa ya wawili wasiochanganyika, kisha hushangaa nyumba haitulii.

Fadhila ya pili ni kuwaruzuku mafundi. Fundi wa kwanza huilaumu gesi. Wa pili humlaumu wa kwanza. Na wa tatu, hata kabla ya kufungua boneti, huwasikitikia wote wawili pamoja na mfuko wako.

Ya tatu ni ujirani. Mwenye baridi kamili hupita amefunga vioo kama mgeni katika mji wake. Sisi wenye vioo wazi huitikia salamu ya “mwangaluka” kila kona, tukasikia bei ya pamba kabla ya kufika sokoni, na tukiishika njia ya Lamadi, upepo wa ziwa hutupoza bila ankara.

Hazina hii, hata hivyo, ni rahisi kupotea. Basi nawausia wanaoithamini wasiioshe kondensa kwa maji ya taratibu, wasitazame kama feni yazunguka upande wake, wasipime mkazo wa gesi pande zote mbili, wa juu na wa chini, wala wasithubutu kutia kipimajoto kwenye tundu la hewa kabla ya kununua kifaa kingine. Kwani mambo hayo manne, ambayo gharama yake ni ndogo mno, yameshawanyima watu wengi elimu yote niliyoitaja.