Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Chini ya Mwembe

YAH: OMBI LA KUTOA HEWA KWENYE REJETA KABLA YA KUIHUKUMU GASKETI

Waheshimiwa mafundi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kutoka Liparamba, jirani na pori la akiba na mpaka wa Msumbiji, mahali ambapo gari likilala, linalala kweli. Ningeweza kuiandikia wizara, lakini wizara iko Dodoma, na sijasikia mtu ambaye gari lake lilichemsha kwenye kona za kupandia Mbinga akampigia simu waziri. Hupigiwa mmoja wenu. Naye huja, Mungu ambariki, juu ya bodaboda, na spana mfukoni na hukumu aliyotoka nayo nyumbani: "Gasketi hiyo, bosi. Tushushe hedi."

Naomba nianze kwa pongezi. Mahakama za nchi hii zinalaumiwa kwa kuchelewesha kesi. Ya kwenu inamaliza shauri kabla boneti haijafunguliwa. Mshitakiwa ni yuleyule kila siku, adhabu ni ileile, na rufaa husikilizwa Songea, ambako hedi hupelekwa kunyooshwa hata kama haikupinda.

Kwa heshima zote, naleta jina la mshitakiwa mwingine. Ni hewa.

Mnaujua ule mpando. Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Mbinga, kwenye kahawa na mashamba ya ngoro ya Wamatengo, ni zaidi ya mita 1,000. Kati ya ziwa na mji huo kuna lami ya kilomita 66 kutoka Mbamba Bay, nzuri kiasi kwamba kila dereva sasa anaipanda kwa gia ya fahari. Noah ya zamani imejaa watu, magunia ya dagaa yako nyuma, jua liko juu. Noah hiyo injini yake imelala chini ya viti vya mbele na rejeta iko kule puani, kwa hiyo maji husafiri kwa mabomba marefu kwenda na kurudi. Nyingine zina hita ya pili nyuma, yenye mabomba yake. Kwa hewa inayotafuta pa kujibanza, gari hilo ni nyumba ya wageni.

Hewa haina ujanja mwingine zaidi ya kupanda juu. Hukaa kwenye hedi, sehemu ileile yenye moto mkali kuliko zote, na pampu ya maji haiwezi kuisukuma kama inavyosukuma maji. Chuma kilichoguswa na hewa hakipozwi. Sensa ya joto nayo ikizungukwa na hewa badala ya maji, mshale wa geji hulala chini kwa utulivu wa mtu aliyeshiba, halafu huruka hadi kwenye nyekundu bila kubisha hodi. Wakati huohuo hita, ukiifungulia ya moto kabisa, inapuliza baridi, na nyuma ya dashibodi maji yanabubujika kama kuna mtu anasukutua mdomo. Huku kwetu hita haina kazi ya kupasha mtu joto, najua, lakini ni shahidi mzuri. Ushahidi wote huo unapatikana bila kufungua nati hata moja. Labda ndiyo sababu haupokelewi.

Na hewa hiyo iliingiaje? Hapa naomba samahani kwa kuwataja. Mara nyingi iliingia siku ile mlipobadilisha mpira wa juu wa rejeta, mkamimina ndoo nzima kwa pumzi moja, mkafunga mfuniko, mkafuta mikono kwenye suruali na kusema "Tayari, mzee." Maji yaliyomiminwa kwa haraka huziba njia ambayo hewa ingetokea. Rejeta huonekana imejaa pomoni huku tumbo la injini likiwa na nafasi.

Mmetoa pia nyaraka kadhaa ambazo, ingawa hazikuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, zinatiiwa kuliko zilizochapishwa. Waraka mkubwa ni ule wa themostati: "Itoe, nchi yetu ni ya joto." Kifaa hicho kidogo kimegongwa namba, mara nyingi 82, yaani kinaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82. Mkikitoa, injini inachelewa kupata joto lake, inakunywa petroli zaidi, na oili inachafuka mapema. Hayo tungeyavumilia. Lakini baadhi ya injini, za Toyota zikiwemo, zina themostati yenye kazi ya pili: ikifungua njia ya rejeta, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mkiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji moto inazunguka humohumo haijaonja upepo wa feni. Kwa hiyo mmetoa themostati ili gari lisichemshe, nalo linachemsha kwa sababu mmeitoa. Nimeona waraka wa namna hii ukipata mafanikio katika ofisi kubwa kuliko mwembe wenu.

Waraka wa pili unasema mfuniko wa rejeta ulegezwe kidogo ili injini ipumue. Maji ya kawaida huchemka nyuzi 100 pwani, na kwa miinuko ya Mbinga huchemka mapema zaidi, kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima ulioandikwa 1.1 huyabana mpaka yavumilie karibu nyuzi 120. Kuulegeza ni kumnyang'anya mpanda mlima fimbo yake katikati ya safari. Wa tatu unasema kulanti ni ya wazungu wenye barafu, maji ya ziwa yanatosha. Kulanti huzuia kutu pia na kupandisha kiwango cha kuchemka, ila sitalisukuma sana hili. Bei yake naijua.

Sasa ombi lenyewe. Naomba kibali cha raia kutoa hewa nyumbani kwake, na ninyi mtoe kibali hichohicho kwa vijana wenu wanaojifunza. Gari liwe limepoa kabisa, kwa maana anayefungua rejeta ya moto hatahitaji fundi, atahitaji zahanati. Lisimamishwe pua ikitazama juu ya mteremko, na mteremko si kitu cha kuagiza kutoka nje katika wilaya hii, ili mdomo wa rejeta uwe ndio kilele. Hita ifunguliwe mpaka mwisho wa moto ili mabomba yake yawe wazi. Maji au kulanti vimiminwe taratibu, mkono mmoja ukiuminya na kuuachia mpira wa juu, na mapovu yatatoka yenyewe. Kisha injini iwashwe mfuniko ukiwa wazi, iachwe silensa, na watu wakae mbali na mdomo wa rejeta. Itafika wakati mpira wa juu utapata moto mkononi: themostati imefunguka, kama mliibakiza. Maji yatashuka ghafla. Yaongezwe. Yakitulia bila mapovu na hita ikapuliza moto, funga, jaza mtungi wa akiba hadi mstari, na kesho asubuhi injini ikiwa baridi angalia tena. Na mkirudisha themostati, kile kipini kidogo kinachochezacheza pembeni kiangalie juu. Ndiyo njia ya hewa, hakikuwekwa kama pambo.

Mapovu yakikataa kwisha, maji yakapungua bila kuvuja nje, moshi mweupe wenye harufu tamu ukatoka nyuma na oili ikageuka rangi ya uji, basi gasketi imepatikana na hatia, na mimi mwenyewe nitawashikia tochi mkishusha hedi.

Sitanii kabisa katika hili moja: mikono yenu ndiyo inayoendesha wilaya hii. Magari ambayo nchi nyingine yangekuwa chuma chakavu yanapanda Umatengo kila asubuhi kwa sababu yenu. Ila najua tatizo liko wapi. Sisi wateja hulipa tukionyeshwa chuma kilichotolewa. Fundi akikaa saa nzima akitazama mapovu, tunasema hajafanya kitu, tunampa hela ya soda. Akitupa gasketi iliyoungua mezani, tunauza mbuzi. Hewa haionyesheki mezani.

Basi tozeni. Andikeni kwenye risiti, "Kutoa hewa, saa moja," mweke na bei ya maana, nasi tutalalamika kama kawaida yetu kisha tutalipa, maana ni nafuu kuliko Songea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye Noah, Liparamba

Nakala: Muuza spea, kwa masikitiko.
Utingo, asimwage ndoo yote kwa mara moja.