Kasuku Afungua Tuisheni ya Kihispania

KASUKU: Shikamoo, Bibi Kamusi. Vielezi vya Kihispania navimaliza kwa somo moja: twaa kivumishi, kipe umbo la kike, bandika -mente. Rápido, rápida, rápidamente. Kwisha! Wazazi wakisikia maneno marefu namna hiyo, ada hailali.

KAMUSI: Marahaba, mjukuu wangu. Kanuni ni ya kweli, tena ina asili yake: mente ilitoka kwenye nomino ya Kilatini, ya jinsia ya kike, iliyohusu akili na nia, ndiyo sababu kivumishi hulifuata umbo hilo. Vielezi viwili vikiandamana, cha kwanza huachwa bila mkia: lenta y claramente. Lakini kanuni inaweza kuwa kweli na isitoshe. Ubandike mkia huo kwa bueno, upate buenamente: neno lipo, ila maana yake ni kadiri mtu awezavyo bila taabu. Azungumzaye vizuri, habla bien. Vivyo hivyo, altamente peligroso ni hatari mno, ilhali apazaye sauti habla alto. Basi usimfundishe mtoto kielezi kimetokana na kivumishi gani tu. Mfundishe kinaandamana na kitenzi gani.

KASUKU: Hivyo ni vikorofi vichache, Bibi. Nikipita kitenzi kwa kitenzi, wanafunzi watazeekea darasani.

KAMUSI: Vichache kwa idadi, vingi kwa matumizi. Bien, mal, ya, siempre, casi: hutamkwa kutwa kucha, na hakuna hata kimoja chenye mkia wako. Tena wanafunzi wako ni Waswahili. Wanaosema kwa uangalifu na kwa haraka hawatahangaika na con cuidado na con rapidez. Gabriel García Márquez, Mkolombia aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1982, aliikwepa -mente kwa makusudi katika vitabu vyake vya baadaye, na wasomaji hawakupungukiwa na kitu.

KASUKU: Basi tuipige marufuku!

KAMUSI: Umeruka tena. Afortunadamente hutangulia sentensi nzima na kutuambia, kwa neno moja, kwamba msemaji anaona ni bahati njema. Mkia una kazi yake. Kosa ni kuufuga mkia ukamwacha mnyama.

KASUKU: Nimekuelewa kabisamente, Bibi. Ila ada nitaendelea kuitoza kwa silabi.